Kwa Mbwana, kuhusu njia za farasi Bagamoyo

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam aleykum. Barua yako nimeipata, na habari ya farasi wanne kuteremka kutoka Arusha mara masika yakiisha imenifurahisha. Umeuliza Bagamoyo kuna njia gani zenye mandhari za kuwapitisha wageni juu ya farasi. Mandhari huku si shida, popote utakaposimama utaona bahari, minazi na majahazi. Shida ni pa kukanyaga. Na mahali panapopendeza macho zaidi, kwenye mikoko na midomo ya mito, ndipo penye ardhi mbovu kuliko zote kwa mnyama wa kilo 400. Kwa hiyo tafuta kwanza ardhi inayombeba farasi.

Anza na mwezi. Wewe wa bara umezoea kupanga safari kwa jua, lakini huku ule ukanda wa mchanga mgumu haukai wazi mchana kutwa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukirudisha hesabu nyuma utaona kwamba kwenye tarehe 11 hadi 13, na 26 hadi 28 za mwandamo, maji hupwa kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi hivi. Hizo ndizo siku za kuwatoa wageni: jua halijawa kali, na kwa kuwa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa sana, limekaribia, maji hutoka mbali na pwani inapanuka. Jioni ni vigumu zaidi. Kupwa kwa saa kumi alasiri huangukia maji mafu, kwenye tarehe 7 na 22 hivi, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, na maji mafu hayaachi nafasi kubwa. Hesabu hii ni ya kupangia ratiba tu. Siku yenyewe fuata jedwali la maji la Dar es Salaam, linafaa na huku.

Toka maji yakiwa bado yanapwa, geuka yakiwa yamefika mwisho. Usijidanganye kwamba una saa sita za kurudi taratibu, maana bahari haijai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo, kisha saa ya tatu na ya nne pekee hupandisha nusu ya kimo chote. Siku ya bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa ikipita mita 3, hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu ndani ya saa mbili. Basi kila mahali pa kutokea pwani kwenda juu paandike, na kipande chenye ukuta au mikoko kwa zaidi ya kilomita moja bila upenyo kiache kabisa, hata kama picha zake zinavutia.

Mchanga nao una tabia zake. Ule mkavu wa juu hulegea na kuchosha kano za miguu. Farasi anayetembea kilomita 6 kwa saa hushuka hadi 4 humo, na kumwendesha mbio ndogo ni kumuumiza. Mchanga wenye unyevu, uliofunuliwa na maji muda si mrefu, ndio unaoshikamana. Lakini ukiona sehemu inang'aa huku vijito vya maji vinachururika kutoka juu ya pwani, huo ni uji, umejaa maji na hauna nguvu. Pima kwa kisigino: kikizama zaidi ya upana wa vidole viwili, tembea tu, kikizama hadi kifundo cha mguu, zunguka. Tazama pia mteremko. Pwani iliyoinama humlazimisha farasi kuegemea miguu ya upande mmoja, kwa hiyo shuka karibu na maji palipo sawa.

Njia ya kwanza ningeiweka kusini, kwenda Kaole. Kwa barabara ni kama kilomita 5 kutoka mjini, hivyo kwenda na kurudi kwa mwendo wa kutembea hakufiki saa mbili na nusu, mapumziko yakiwemo. Anzia kusini ya soko la samaki, kamwe si mbele yake. Maji yakipwa, kamba za nanga za mashua na ngalawa hulala mchangani, na farasi akikanyaga moja ikamnyanyukia mguuni, atakurupuka nayo. Fuata pwani, halafu ingia bara kabla mikoko haijaanza, umalizie kwenye njia za minazi. Kaole ilikuwa bandari, lakini mikoko imeota ikaitenga na bahari, kwa hiyo usijaribu kupitia upande wa maji. Ile mizizi ya mikoko aina ya mchu na mlilana inayochomoza kwenye tope hutoboa nyama laini ya chini ya kwato, na tope lenyewe humeza mguu hadi goti. Wageni wakifika washuke, waingie kwa miguu kwenye magofu ya misikiti miwili, ambao mmoja ni wa karne ya 13, na makaburi yake. Farasi wabaki nje, kivulini, mbali na mbuyu wowote wenye nyuki. Nyuki wakimvamia farasi aliyefungwa, hutapata nafasi ya kuhangaika na fundo gumu. Ndiyo maana nakushauri fundo linalofunguka kwa kuvutwa.

Mbele zaidi kusini, Mlingotini, maji yakipwa utaona eneo tambarare la kuvutia. Usiingie. Pana vigingi na kamba za mwani, na mwani ule ni riziki ya watu.

Kaskazini kuna mashamba ya chumvi ya Nunge. Asubuhi mapema panapendeza mno, ndege wamejaa, na matuta yake wakati wa kiangazi ni magumu. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, kisha chagua tuta lenye upana wa mita 2 au zaidi na lenye mahali pa kugeuzia, maana kingo humomonyoka, na farasi hageuki kwenye tuta jembamba. Baada ya mvua liache likauke. Hapana kivuli wala maji matamu, kwa hiyo peleka madumu mapema. Katika joto hili kila farasi anaweza kunywa lita 40 kwa siku na zaidi.

Mdomo wa mto Ruvu uuache kando kabisa: kuna mamba, viboko na tope. Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ina simba, na ina mbung'o wanaoeneza nagana, ugonjwa ambao farasi haustahimili. Mabonde ya mpunga epuka kuanzia magharibi hadi alfajiri, kwa sababu usubi wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma saa hizo. Chanjo ya ugonjwa huo zungumza na daktari wa mifugo kabla hamjapakia.

Bara kwenye mikorosho na miembe ndipo pa kutumia maji yakiwa yamejaa. Beba mti wa mita 3 na upitishe njia nzima ukiwa umesimama nao wima. Tawi linaloguswa litamgonga mpandaji. Zungumza na mwenyekiti wa kitongoji kwanza, na usimwache farasi adokoe majani ya mihogo wala mbarika, yote mawili yana sumu.

Kabla ya wageni, pita kwa miguu, maji yakiwa yamepwa na tena yakiwa yamejaa. Kisha mpeleke farasi mmoja mtulivu na watu wawili. Farasi wa Arusha wape wiki mbili hadi tatu za kuzoea joto, safari fupi za kutembea tu. Wakirudi pima mapigo ya moyo. Yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya dakika 20, njia ilikuwa ndefu au saa ilikuwa mbaya. Waoshe miguu na matandiko kwa maji matamu, chumvi hukata ngozi.

Niandikie mtafika tarehe ngapi ya mwezi mwandamo, nikuchoree ratiba ya wiki mbili za mwanzo. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Athumani
Bagamoyo