Tuwasikilize watoto wakisoma mmoja mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 19, na kuna jambo linaloniuma.

Muhula uliopita mtoto mmoja alisimama mbele yangu akasoma ukurasa mzima bila kukwama, vituo vyote mahali pake. Kisha nikatazama kidole chake. Kilikuwa mstari wa tatu, mdomo umeshafika wa tano. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja tu: kuku. Akanyamaza. Akanitazama usoni, akajaribu: "Mama?"

Ukurasa ule aliukariri. Kila siku tulisoma kwa pamoja, mwalimu anatangulia, darasa linaitikia, naye akawa amejificha ndani ya sauti za wenzake miezi saba huku mimi nikimwekea vema kwenye daftari.

Inasikitisha zaidi kwa sababu maandishi ya Kiswahili hayana hila. Irabu ni 5 tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Mtoto akizishika, ukampa na herufi b na k, anaweza kusoma baba, bibi, kaka, kubeba, hata kiboko, bila kusomewa na mtu. Ugumu huja baadaye, kwenye ng na ng', dh na z, th na s. Anayeandika "samani" ukimsomea "thamani" kwenye imla si mzembe. Sikio lake halijatenganisha sauti hizo, na kalamu nyekundu haitamsaidia. Mwambie aweke ncha ya ulimi kati ya meno, apulize, asikie hewa inavyopita.

Najua madarasa yamejaa. Langu lina watoto 60. Sasa, wengine wakinakili, huwaita watano kwa siku, kila mmoja dakika mbili, maneno manne yasiyomo kitabuni. Baada ya siku 12 za masomo nimewasikia wote.

Nawaomba wakaguzi wasiridhike na darasa linaloitikia vizuri. Wamwite mmoja wa dawati la nyuma. Nanyi wazazi, msimsomeshe mtoto ukurasa wa jana. Fungueni asioujua, mfunike picha, kisha mumwulize alichosoma kinasema nini.

Yule mtoto juzi alisoma "ng'oa" peke yake, polepole, kidole chini ya kila silabi.

Mwalimu wa darasa la pili