Kompyuta iliyopandishwa mwendo ijaribiwe kwenye joto letu, na mnunuzi aambiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala ya wiki iliyopita iliyowahimiza vijana kupandisha mwendo wa prosesa (kile kipande kinachopiga hesabu zote) za kompyuta zao za mezani badala ya kununua mpya. Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Magomeni, na kazi hiyo ya kuovakloki naifanya tangu 2012. Mwandishi amesema kweli kwamba mwendo huo ni wa bure na kwamba mashine ya zamani hupata uhai. Lililoninyima usingizi ni sentensi yake moja, kwamba Windows ikishafunguka kazi imekwisha. Windows ikifunguka ndipo kazi inapoanza. Nalijua hilo kwa sababu nilimtia mteja wangu hasara.

Mteja mwenyewe anapiga video za harusi, Temeke. Julai 2016 aliniletea mashine yenye Intel Core i5-2500K, prosesa iliyotoka Januari 2011 na ambayo mafundi wengi tunaipenda mpaka leo, kwa kuwa ile herufi K ya mwishoni maana yake kizidisho, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata mwendo, hakijafungwa. Kiwandani imepangiwa gigahezi 3.3, yaani saa ya msingi ya megahezi 100 mara 33. Bodi yake, ile inayobeba prosesa na vipande vingine, ilikuwa ya aina ya Z68, inayokuruhusu kuigusa hiyo 33. (Bodi za H61, ambazo ni nyingi kwenye mtumba, hazikubali hata uziwekee prosesa ya K.) Nikaingia kwenye bayosi (programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi), nikaandika 45, yaani gigahezi 4.5, nikaipa volti 1.35, nikafunga feni kubwa yenye mabomba ya shaba. Ikawaka. Nikaiendeshea programu ya majaribio dakika 20, usiku, mlango wa kibanda wazi, upepo wa kipupwe unaingia. Joto likaishia nyuzi 78. Nikamkabidhi mashine yake, nikapokea pesa yangu.

Februari ikafika. Chumba chake cha kazi kimeezekwa bati na hakina dari. Siku moja saa nane mchana alikuwa anahamisha video za harusi kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye diski, huku programu ya kuhariri inatoa kazi nyingine. Skrini ikageuka bluu. Alipoiwasha tena, mafaili yalikuwepo yote, majina yaleyale, ukubwa uleule, na kwenye kadi yalikuwa yameshafutika. Mawili hayakufunguka tena. Ndiyo yaliyobeba kiapo cha maharusi kanisani. Tulipokaa kukagua kazi alizotoa wiki za nyuma, tukakuta nyingine iliyokwisha kufikishwa kwa wenyewe: uso wa bibi harusi umekatwa na mistari ya kijani kwa sekunde kama nne, kisha picha inarudi salama. Kompyuta haikuwa imeganda siku hiyo wala haikutoa onyo lolote. Ilikosea hesabu, ikaendelea na kazi.

Hilo ndilo ambalo makala haikuligusa. Ndani ya prosesa kuna saa inayopiga kama ngoma, na kila mshindo ukilia, kila ishara inatakiwa iwe imeshafika mahali pake. Ukiharakisha ngoma, mchezaji mzito atakanyaga baada ya mshindo. Kwenye prosesa, kuchelewa huko ni sifuri iliyosomwa moja. Kosa likiangukia penye mfumo wenyewe, unaona skrini ya bluu, na hapo una bahati kwa sababu umejua. Likiangukia kwenye picha, hesabu za duka au barua ya mtu, linaandikwa kwenye diski kama kitu halali.

Dawa ya kumharakisha mchezaji mzito ni volti, na volti ina gharama yake. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawia na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Ukitoka gigahezi 3.3 kwa volti 1.2 ukaenda 4.5 kwa volti 1.35, mwendo umeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, ila joto la kuondolewa limepanda kwa zaidi ya asilimia 70. Na feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Nilikwenda na kipimajoto mpaka kwenye chumba kile cha bati, kikasoma 36. Prosesa ilikuwa 91, wakati kwa aina ile ikifika 98 inajipunguza mwendo yenyewe. Usiku ule wa Julai hewa ya kibandani kwangu ilikuwa 24. Nilipima kwenye baridi mashine itakayoishi kwenye joto, na kosa hilo ni langu.

Siku hizi naanza kwa kujaribu ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) peke yake, prosesa ikiwa kwenye mwendo wa kiwandani, maana ramu mbovu itakudanganya wiki nzima ukidhani ni volti. Kisha napandisha kizidisho hatua mojamoja, na kila hatua naiendesha Prime95, programu iliyotokana na mradi wa kutafuta namba tasa kubwa. Faida yake ni kwamba majibu sahihi inayo tangu mwanzo, kwa hiyo prosesa ikikosea inagundulika. Mashine ya Temeke niliporudia kuijaribu kwenye 45, mchana, palepale chumbani, viini vitatu vya prosesa (sehemu zake zinazopiga hesabu kwa pamoja) viliendelea na cha nne kikasimama dakika ya 47, na ujumbe kwamba kosa la ukadiriaji limefika 0.5 ilhali lilitakiwa liwe chini ya 0.4. Windows ilikuwa imefunguka vizuri tu, muziki unapiga. Majaribio yangu ya dakika 20 yasingeliona kosa hilo kamwe.

Tukashuka mpaka 42, volti 1.25. Ikakesha, ikashinda na mchana wa jua kali, saa 24 bila kosa, joto la juu kabisa nyuzi 77. Video iliyokuwa ikitoka kwa saa moja kwenye 4.5 sasa ilitoka kwa dakika 64. Kwa mwendo wa kiwandani ilikuwa inachukua saa na robo na zaidi. Zile dakika nne za mwisho ndizo zilizogharimu kiapo cha watu.

Wapo watakaosema mimi mwoga, prosesa haifi kirahisi. Nawaomba wakumbuke mwaka 2024, Intel wenyewe walipotangaza kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti iliyozidi kiasi na kuharibika kidogokidogo. Agosti mwaka huo wakatoa marekebisho ya kupitia bayosi, na dhamana wakaiongeza miaka 2. Prosesa iliyokwisha kuharibika, marekebisho hayo hayakuirudisha. Kama volti iliwaponyoka waliozitengeneza, sisi wa vibandani tuipandishe kwa hadhari.

Jambo la pili linawahusu wauzaji wa kompyuta za mtumba. Mwezi uliopita mwanafunzi wa chuo aliniletea mashine analalamika kwamba imekuwa nzito ghafla. Risiti ya duka ilisema gigahezi 4.6. Betri ya bodi, ile ndogo ya duara, ilikuwa imekwisha, bayosi ikasahau mipangilio na prosesa ikarudi kwenye mwendo wake wa kiwandani. Hakuna aliyemwambia binti yule kwamba namba aliyoilipia ilikuwa ya kuandikwa na mtu. Alikuwa anahifadhi utafiti wake wote humo.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wako, kwa heshima, arudi kwenye mada hii aeleze na upande wa majaribio. Na wauzaji nawaomba waandike kwenye risiti kwamba mashine imepandishwa mwendo. Mimi naandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kibandiko, ndani ya ubavu wa kasha: kizidisho, volti, joto la juu, joto la chumba, saa za majaribio na tarehe. Ile ya Temeke bado inafanya kazi. Inasomeka: 42, volti 1.25, 77, chumba 36, saa 24, Februari 2017.

Ni mimi,
Fundi kompyuta,
Magomeni, Dar es Salaam