Mnapima tairi, mnaacha betri

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimesoma gazeti lenu na kunyamaza. Nilinyamaza hata mlipoweka picha ya gari la dizeli juu ya habari ya magari ya umeme. Ila kwa ile taarifa yenu ya ukurasa mzima kuhusu kuporomoka kwa bei za magari ya umeme yaliyotumika, nimeshindwa.

Kwamba bei zimeshuka, nakubali. Aliyenunua jipya mwaka 2022 anayajua hayo kuliko mwandishi wenu. Nachokataa ni ile sababu mliyoipachika: eti watu wameyajaribu, wameyachoka, betri zinakufa, na sasa wanayatupa. Mwandishi kawahoji wauzaji, kahoji na muuzaji mwingine kwa ajili ya mizani, basi. Fundi wa betri hata mmoja hakutafutwa.

Chukueni mfano mmoja ulio wazi. Januari 2023 Tesla, kampuni inayotengeneza magari ya umeme, ilipunguza bei zake Marekani. Gari lake la Model Y la masafa marefu lililokuwa dola 65,990 likawa dola 52,990. Kwa bei hiyo mpya likaingia pia kwenye nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa mnunuzi anayestahili, kwa hiyo jipya kabisa, lenye harufu ya kiwandani, likapatikana kwa dola 45,490. Sasa yule aliyenunua lake Desemba kwa bei kamili angeliuza kwa kiasi gani? Gari halina mkwaruzo. Betri haijapoteza kitu. Na bado karibu theluthi ya thamani imeyeyuka, kwa sababu tu kiwanda kimebadilisha bandiko la bei. China nako kampuni ya magari ya BYD na wenzake wakawa kwenye vita vyao vya bei. Lithiamu, madini ya kutengenezea betri, iliyokuwa imepanda kupita kiasi hadi mwishoni mwa 2022, ikaanguka mwaka uliofuata. Jipya likishuka, lililotumika litaning'inia wapi? Halafu asilimia zenu za kushuka kwa bei mnazihesabu kutoka bei ya orodha, ambayo penye ruzuku wengi hawakuilipa.

Mmeitaja na Hertz kama ushahidi wa kufunga kesi. Haya. Oktoba 2021 kampuni hiyo ya kukodisha magari ilitangaza kuagiza Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza kwamba inauza magari ya umeme kama 20,000, theluthi hivi ya yale iliyokuwa nayo, na ikaandika hasara ya dola milioni 245 hivi kwa kushuka kwa thamani. Mkaishia hapo. Hamkujiuliza magari 20,000 yakimwagwa sokoni yanamfanyia nini mtu mwenye lake moja uani.

Sasa niwaambie kazi taarifa yenu iliyoifanya huku nje. Wiki ile ile ilipotoka nilikuwa nimepanga kuliuza gari langu la umeme nipate lenye nafasi zaidi, maana wajukuu wameongezeka. Nikalipeleka kwenye yadi moja. Kijana wa kukadiria bei akalizunguka, akapitisha kidole gumba kwenye kila mkwaruzo, akazipiga tairi teke, akafungua boneti, akakuta hakuna injini, akaifunga kwa heshima. Kisha akaniuliza oili ilibadilishwa lini. Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani hata kidogo; fomu yake ilikuwa na kisanduku cha oili na ni lazima kijazwe. Kisanduku cha betri hakikuwepo. Nikatoa karatasi ya fundi aliyeipima betri yangu: imebaki na asilimia 91 ya uwezo wake wa kwanza. Akaitupia jicho, akaikunja, akanirudishia. “Mzee, karatasi kila mtu anachapa. Hizi gari hazina soko siku hizi.” Na kama vile hilo halikutosha, akatoa simu akanionyesha taarifa yenu. Bei aliyonitajia sitaiandika hapa kwa kuwa mke wangu naye husoma gazeti hili. Pembeni palikuwa na gari la aina ile ile, la mwaka ule ule, limeng'arishwa, na wanaliuza karibu mara mbili ya alichotaka kunipa mimi. Nikamuuliza: na hilo, betri yake ikoje? Akaingia ndani, akawasha skrini, akaninyooshea kidole pale pa kusoma. “Hii iko poa mzee, imejaa. Asilimia mia.”

Mhariri, hiyo ni chaji! Ni sawa na kununua simu iliyotumika kwa kuwa muuzaji kaichaji asubuhi. Chaji inakuambia umeme uliomo sasa hivi. Haikuambii betri yenyewe imepoteza kiasi gani cha uwezo wake. Tena gari lililoegeshwa juani wiki baada ya wiki likiwa limejazwa hadi mwisho linaizeesha betri yake mapema. Kwa hiyo kile alichonionyesha kwa fahari ndicho kilichokuwa kikiliharibu, na hicho ndicho mteja atakacholipia. Nikaondoka na gari langu, naye akabaki ananitazama kama mtu aliyekataa bahati.

Sababu ambayo taarifa yenu haikuigusa ni hiyo. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha betri nzima na iliyochoka atatoa bei ya iliyochoka kwa zote mbili. Wenye magari mazuri wakiona hawapewi haki wanabaki nayo majumbani, sokoni yanabaki yale ya wasiwasi, na bei inashuka tena. Mchumi George Akerlof aliyaeleza haya mwaka 1970, na mfano wake ulikuwa huo huo wa magari yaliyotumika; mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwandishi wenu alikuwa na muda wa kutosha kuyasikia.

Na nani kaificha hali ya betri? Gari la umeme la Nissan Leaf la kwanza, lililoingia sokoni Desemba 2010, lilikuwa na vipau 12 kwenye dashibodi vya kuonyesha uwezo uliobaki wa betri. Betri ile haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa kimiminika, na mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, kwenye joto kali, waliona vipau vinapotea kimoja kimoja wakapiga kelele. Waliona kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuona. Magari mengi yaliyofuata yanapoza betri zake vizuri zaidi, lakini ukitaka kujua kilichobaki ununue kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, utafute na programu ya simu ya kukisoma, au umbembeleze wakala. Watengenezaji hawa hawa wengi wao wanatoa waranti ya miaka 8 au kilomita 160,000, na wanaahidi uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Mteja akija kudai waranti wanapima mara moja na jibu linatoka. Kumbe namba ipo! Ila sisi tunaouza na kununua tuendelee kupiga tairi teke.

Nikiwa nimeshashika kalamu, acheni niseme na hili la akaunti. Ukinunua gari la umeme lililotumika unapewa funguo na kadi ya umiliki, unadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Gari bado limeunganishwa na simu ya mwenye nalo wa kwanza. Amekaa kwenye kochi lake na anaona ulipo, anaweza kukufungulia milango, akitaka anakuwashia kiyoyozi. Wewe uliyelipa unaambiwa utume nakala za hati na usubiri uthibitisho, na ukipiga simu unawekewa muziki. Vitu vingine alivyolipia mwenye gari wa kwanza vinaweza kuzimwa gari likibadilisha mikono, utadhani vilikuwa mkopo. BMW mwaka 2022 ilithubutu, katika baadhi ya nchi, kutoza malipo ya mwezi kwa joto la viti ambalo vifaa vyake vilikuwa vimeshafungwa garini tangu kiwandani. Watu wakaipigia makelele hadi mwaka 2023 ikaacha. Na chaja za barabarani sijazigusa, kila kampuni na programu yake, kila programu na nenosiri lake. Hayo yote yanashusha bei ya gari la pili. Ripota wenu hakuyaona kwa sababu yadi haiyaandiki kwenye fomu, ina kisanduku cha oili.

Nasikia mambo yatanyooka. Jimbo la California mwaka 2022 lilipitisha kanuni ya kutaka magari ya kuanzia modeli ya 2026 yamwonyeshe dereva hali ya betri, na Umoja wa Ulaya umeweka pasipoti ya betri, yaani kumbukumbu ya kidijitali ya kila betri, kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Vizuri sana, kwa magari mapya. Haya mamilioni yaliyokwisha kutoka kiwandani, ndiyo yanayouzwa leo, yakafanyiwe vipimo na nani?

Pendekezo langu ni hili. Pale kwenye fremu ya mlango wa dereva, panapobandikwa kibandiko cha upepo wa tairi, kibandikwe cha pili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani kwa kilowati-saa, uwezo wake leo, tarehe ya kipimo na kilomita ilizotembea. Maandishi yasiwe madogo kuliko ya upepo. Yadi itakayouza bila kibandiko, meneja wake alitumie gari hilo mwenyewe mwaka mzima, safari za mbali, familia yote ndani, bila kuruhusiwa kuazima la petroli.

Na ninyi pia mna nafasi ya kutusaidia. Ukurasa wa magari unakaa jirani na nyota za wiki. Ziondoeni nyota, wekeni jedwali: aina ya gari, bei yake likiwa jipya baada ya ruzuku, bei ya jipya leo, bei ya lililotumika, na betri iliyobaki. Watu wa Mizani na Ng'e watatuwia radhi.

Msomaji wenu wa siku nyingi, ambaye gari lake bado linauzwa