Drafti sio uvivu

Mhariri, shikamoo. Sisi wacheza drafti wa Ngarenaro hapa Arusha tumechoka kuitwa wavivu, mtu anapita na bodaboda anapiga honi eti kafanyeni kazi, wakati mimi nimeamka saa kumi usiku nimeshamaliza mzigo wangu sokoni! Ubao tumechora wenyewe kwa maka peni, vizibo 12 vya soda kila mtu, vyangu vimelala vya mwenzangu vimefunuliwa, ukilala kidogo jamaa anaingiza kingi, yaani kete yake inafika mwisho wa ubao upande wako, anakufagia wote. Kero yetu ni watazamaji bana, hasa yule mzee wa kahawa, hachezi lakini anajua kila kete, juzi kanisemea mbele ya mpinzani nikaliwa tatu. Ila asipokuja tunamuulizia.