Mapenzi ya Elizabeth Bennet yasomwe pamoja na hesabu zake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa vitabu imeieleza Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813, kuwa kisa cha msichana aliyezipa fedha kisogo akachagua mapenzi. Sisi tunaoifundisha tunaona maelezo hayo yanamnyima msomaji nusu ya kitabu. Austen ametaja viwango vya fedha karibu kila panapozungumzwa posa, na asiyevipigia hesabu hawezi kujua Elizabeth Bennet alikuwa anakataa nini.

Tuanze na baba. Mali ya Longbourn inamwingizia Bwana Bennet pauni 2,000 kwa mwaka, lakini imefungwa kisheria: akifa bila mtoto wa kiume, inakwenda kwa ndugu wa mbali, Kasisi Collins. Kifungo hicho kingevunjwa iwapo angezaliwa mwana, akafikia utu uzima, akakubaliana na baba yake kukivunja. Wazazi wakamsubiri mwana huyo, wakazaliwa mabinti watano. Kwa kuwa walikuwa na hakika atakuja, hawakuweka akiba, na walipokata tamaa waliona wameshachelewa. Nyumba hii iliharibikiwa hapo, miaka mingi kabla ya ukurasa wa kwanza.

Walichowekewa mama na mabinti kwa mkataba wa ndoa ni pauni 5,000. Zikigawanywa sawa, kila binti ana 1,000, tena hazipati mpaka mama afe. Collins anapomposa Elizabeth anamkumbusha hayo waziwazi, pamoja na riba yake ya asilimia 4. Hizo ni pauni 40 kwa mwaka kwa binti aliyelelewa katika nyumba ya pauni 2,000. (Wanaojua mirathi ya Kiislamu watashangaa: mabinti hao wangepata theluthi mbili, mjane thumuni, na ndugu wa kiumeni angechukua kilichosalia.)

Basi akimkataa Collins, Elizabeth anakataa nyumba aliyozaliwa, na paa la mama na dada zake pia. Akimkataa Darcy, tajiri anayemposa baadaye, mara ya kwanza, anakataa pauni 10,000 kwa mwaka. Msomaji asiyejua zile 40 hawezi kuhisi ujasiri wa msichana huyu.

Makala yenu imemwita Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, mwanamke mwenye tamaa. Hatukubali hata kidogo. Ana miaka 27, hana uzuri wa kusifiwa wala mali, naye anamkubali Collins siku chache tu baada ya Elizabeth kumkataa. Mama yake anaanza papo hapo kukadiria Bwana Bennet atabaki hai miaka mingapi. Wadogo zake wa kiume wanashusha pumzi kwamba dada yao hatazeekea nyumbani bila kuolewa. Kisha mtazameni akiwa kwake Kent: sebule yake ameichagua upande wa nyuma wa nyumba, ambako mume haingii mara kwa mara, na anamhimiza sana alime bustani. Kwa maoni yetu hizo ni kurasa za kweli kuliko zote kuhusu ndoa katika riwaya hii.

Lydia, mdogo wa mwisho wa Elizabeth, ana miaka 16 anapotoroka kutoka mji wa Brighton na Wickham, afisa wa jeshi. Mwanzoni watu wanadhani wamekimbilia Uskoti kuoana, kwa sababu sheria ya mwaka 1753, iliyodai ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 21 anayeoa au kuolewa kwa leseni, haikufika huko. Kumbe wamejificha London, na Wickham hana nia ya kuoa asiye na fedha. Darcy analipa madeni ya Wickham yanayozidi pauni 1,000, anamnunulia cheo jeshini, na kumwekea Lydia pauni 1,000 nyingine kwa mkataba. Mkataba ulikuwa wa lazima, maana hadi sheria ya mwaka 1882 fedha za mke zisizolindwa hivyo ziliangukia mikononi mwa mume. Baba anatakiwa kutoa pauni 100 tu kwa mwaka, na anagundua kwamba hasara yake haifiki hata 10, kwa kuwa Lydia alikuwa akimgharimu karibu kiasi hicho nyumbani.

Darcy analipa yote hayo kwa siri, akitaka jina lake lisitajwe, wakati hajui kama Elizabeth atamkubali. Ukiiondoa hesabu, umeondoa ushahidi mkubwa wa mapenzi yake.

Walimu wanaotumia filamu darasani tunawaomba wasiishie hapo, kwani filamu huziruka hesabu nyingi. Wanafunzi wasome kitabuni sura ya 19, 22, 49, 50 na 52. Hizo ni namba za matoleo yenye sura 61 mfululizo. Matoleo ya juzuu tatu huanza kuhesabu upya kila juzuu, kwa hiyo sura ya 49 huko ni ya 7 katika juzuu ya tatu.

Walimu wa fasihi,
Tanga