Andikeni kwenye bango: ni laivu au ni pleibeki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Barua yenyewe ni ndefu kidogo naomba usiikate sana maana hili jambo la shoo za pleibeki limenikaa rohoni toka Disemba 2022.

Disemba hiyo nilikuja likizo nyumbani, nikaenda kwenye tamasha moja pale Dar, tiketi nimekata mapema na wadogo zangu wawili nimewakatia. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili jioni. Msanii tuliyemfuata kapanda stejini saa nane na nusu usiku, DJ kaweka flashi, wimbo unajiimba wenyewe na sauti yake imo mle mle ndani, yani ndo pleibeki, yeye anaruka ruka tu na maiki mkononi na akichoka anatugeuzia sisi tuimbe. Nyimbo tano, zingine nusu nusu, kashuka. Mdogo wangu wa kike aliyekuwa anaihesabu ile siku mwezi mzima akaniuliza, "Kaka, ndo imeisha?" Sikuwa na cha kumjibu. Simtaji msanii wala waandaaji, maana hawako peke yao kwenye hili na kila anayekwenda kwenye shoo anajua ninachosema.

Sasa ngoja niwaambie nilichokiona miezi minne baadae.

Mimi naishi Uholanzi, nafanya kazi za usiku kwenye soko la maua Aalsmeer, tunasukuma matoroli ya maua mpaka asubuhi (waridi nyingi pale zinatoka Kenya, ukisoma boksi unaona Naivasha unajisikia uko jirani na nyumbani). Na mimi ni mshabiki wa Metallica, bendi ya rock ya Marekani. Najua kwetu ukisema unapenda rock watu wanakuangalia mara mbili, wengine wanasema ni kelele, wengine wanasema ni ya shetani, mama yangu mwenyewe aliniombea sana. Lakini mimi nilirithi kwa mjomba. Mjomba wangu alikuwa baharia wa Tanga, safari moja akarudi na kaseti ya ile albamu yao ya 1991 yenye jalada jeusi tupu, mimi nipo darasa la tatu, Kiingereza sijui hata neno, ila gitaa lile likianza nywele zinasimama. Tuliisikiliza mpaka mkanda ukawa unaburuza. Mjomba anautoa anauzungusha taratibu kwa kalamu ya Bic, anarudisha, tunasikiliza tena.

Kwa hiyo kwangu hawa jamaa walikuwa sauti ya kwenye kaseti kwa miaka thelathini. Bendi hii imepiga kwenye mabara yote saba, mpaka Antaktika walikwenda Disemba 2013 wakapiga mbele ya watu kama 120, na muziki watu walikuwa wanausikiliza kwa hedfoni kwa ajili ya kulinda mazingira ya kule. Afrika Kusini wamefika. Kwetu Afrika Mashariki bado, kwa hiyo niliposikia ziara yao ya M72 inaanzia Amsterdam, nusu saa kutoka ninapolala, nilikaa chini kwanza.

Ilikuwa tarehe 27 na 29 Aprili 2023, uwanja wa Johan Cruijff Arena, wiki mbili tu toka albamu mpya itoke. Na hapa ndipo nataka waandaaji wetu wasome vizuri. Utaratibu wa ziara ile mwaka ule ulikuwa kwamba wanapiga siku mbili kwenye mji na hakuna wimbo hata mmoja unaorudiwa. Nyimbo kumi na sita usiku wa kwanza, usiku wa pili nyingine kumi na sita tofauti kabisa, hata bendi za kufungua wanabadilisha. Yani ni watu wazima hawa, James Hetfield na Lars Ulrich walikuwa na miaka 59, Kirk Hammett alishatimiza 60, Robert Trujillo yuko nyuma kidogo tu, na wamekwenda kufanyia mazoezi nyimbo zaidi ya thelathini ili mtu aliyelipa siku mbili asione kitu kimoja mara mbili.

Tarehe 27 Aprili kule ni sikukuu ya Mfalme, nchi nzima inavaa rangi ya chungwa, kwa hiyo kwenye treni nusu ya behewa ni machungwa na filimbi na nusu nyingine ni sisi wa tisheti nyeusi. Watu wamekuja na bendera za nchi ambazo nyingine sikuzitambua. Steji iko katikati ya uwanja, ni duara kama bangili na ndani ya duara kuna washabiki wamesimama, minara minane mirefu imezunguka yenye skrini juu, na ngoma za Lars zina vituo vinne, anapiga nyimbo kadhaa upande huu halafu unamwona kahamia upande mwingine, ili kila mtu aliyekaa popote pale ifike zamu yake ya kuwa mbele.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa Kidachi, wa miaka sitini hivi, amevaa kizibao cha jinzi kilichojaa viraka vya majina ya bendi, vingine vimefifia huwezi kusoma. Aliniona sina kitu masikioni akafungua kikopo akanipa vizibo vya povu, akanionesha namna ya kuvifinya kwanza kabla ya kuviingiza. Ni kitu kidogo, lakini kesho yake ningekwenda kazini kiziwi. Akaniambia yeye aliwaona Zwolle mwaka 1984, ndo wanakuja Ulaya mara ya kwanza, akiwa binti.

Taa zikazima. Kuna muziki wa Ennio Morricone, yule Mtaliano mtunzi wa muziki wa filamu, ambao wanaingilia nao stejini toka 1983, ukipigwa tu uwanja mzima unaimba ile sauti bila maneno, watu maelfu kwa maelfu. Nilidhani nimejiandaa, kumbe mtu hujiandai. Halafu wakafungua na pini la ala tupu la 1986, lile ambalo besi yake alipiga Cliff Burton, kijana aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali ya basi la bendi kule Sweden, akiwa na miaka 24. Sasa besi ile ile anaipiga Trujillo, unaisikia kifuani sio masikioni, na yule mama kafumba macho machozi yanashuka anatikisa kichwa taratibu. Sikumsemesha. Na mimi nilikuwa nalia.

Watu wanaogopa ile kusukumana ya kwenye shoo za rock. Niliingia. Kijana mmoja mbele yangu kateleza kaenda chini, na kabla sijainama mikono kama sita imeshamnyanyua, mmoja kamrudishia kiatu, wakaendelea. Nimeshabanwa kwenye foleni ya daladala vibaya kuliko pale.

Nilikuwa na rafiki yangu wa Mombasa, yeye alikata usiku wa kwanza tu kwa sababu ya hela. Wimbo anaoupenda ni ule mkubwa wa 1991 ambao hata wasiojua rock wanaujua, akausubiri mpaka mwisho, haukuja, ulikuwa umewekwa kufunga usiku wa pili. Kwenye treni hakuongea. Ijumaa mchana akanitumia meseji amepata tiketi ya Jumamosi kwa mtu, amekopa. Jumamosi wimbo ulipoanza alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, na bado anasema ni deni zuri kuliko yote aliyowahi kulipa.

Usiku ule wa pili ndo nilimpigia mjomba WhatsApp. Kule Tanga ilikuwa ishapita saa sita usiku, picha inakwama kwama, mjomba kavaa miwani yake kaisogeza simu karibu na uso. Nikageuza kamera kwenye steji. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya juu ili nisikie, "Mjomba, hao ni wenyewe au ni kaseti?"

Nikamwambia ni wenyewe. Akarudia, "Ni wenyewe." Kisha mtandao ukakata.

Mhariri, lile swali la mjomba ndo lililonifanya niandike. Mtu anayelipa anataka kujua hicho tu. Na wala asije mtu akasema hayo ni mambo ya wazungu wenye hela, maana marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Msondo toka inaitwa NUTA Jazz, bendi ya mwaka 1964, na mpinzani wake mkubwa mtaani alikuwa mtu wa Sikinde, Mlimani Park ya 1978. Walikuwa wanabishana wiki nzima nani kapuliza tarumbeta vizuri Jumamosi. Unabishana hivyo kwa sababu kuna mtu kweli alipuliza! Gurumo, mwimbaji aliyepita bendi zote mbili, alisimama akaimba kwa mdomo wake, magitaa matatu yanajibizana nyuma yake, hakuna flashi. Kwa hiyo muziki wa kupigwa laivu tunaujua, tulikuwa nao, na wapo vijana wengi wapiga vyombo Dar na Tanga na Mombasa wanaopiga kwenye mahoteli na harusi wakisubiri kuitwa.

Sidai steji ya duara wala minara minane. Ninachoomba kwa waandaaji ni kitu kisichowagharimu hata shilingi. Kwenye bango la tamasha, pale chini ya bei, andikeni kila msanii anapiga laivu na bendi au anaimba juu ya pleibeki, na atapanda saa ngapi. Ukitaka pleibeki utakwenda, wapo wanaopenda, ni hela yao. Ila mdogo wangu mwaka huu ananiuliza tena kama nitamkatia tiketi ya Disemba, na mpaka sasa mabango yote aliyonitumia yana picha na bei tu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwana Tanga, Uholanzi