Kofia yako, shoga

Lushoto, Jumatatu jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi mzima, ila usinicheke mwandiko. Kiganja cha kulia kimefungwa, kalamu naishika kwa vidole viwili kama mtoto wa chekechea. Uliponiuliza kwenye simu "umekuwa wa ngapi?" nilikaa kimya kwa sababu hadithi yenyewe ni ndefu, tena ndani yake mna jambo moja nataka ulisome ukiwa umekaa kitako.

Kwenye mbio za baiskeli nimekuwa wa 11 kati ya 23. Hilo si jambo lenyewe.

Unajua sisi wa Tanga tulivyo na kiburi cha baiskeli. Tangu utotoni Raskazone hadi Ngamiani, mchana jua kali, kanga imefungwa kiunoni, ndoo imening'inia kwenye usukani, na bado tunapiga soga njia nzima. Mlima mkubwa tunaoujua ni tuta la barabarani. Basi nikaja huku nikidhani najua kuendesha. Lushoto mjini penyewe ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hapo ndipo tulipoanzia! Njia ikapanda kuelekea msitu wa Magamba, na mapafu yangu ya pwani yakaanza kuuliza tumekosa nini.

Kabla ya kuanza nilishagombana na waandaaji. Wanaume wamepewa kilomita 70, sisi 42, na zawadi yetu nusu ya yao. Nikauliza kwa nini. "Barabara mbaya dada, tumewahurumia." Nikawaambia Septemba 2025, pale Kigali, ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, wanawake walikimbia kilomita 164.6, vilima juu ya vilima, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akafika peke yake, wala sikusikia mtu akimhurumia. Yule bwana akacheka, akaniandikia namba yangu, mazungumzo yakaishia hapo. Kusema kweli Kigali walikuwa kwenye lami na mawe yaliyopangwa. Sisi tulikuwa kwenye udongo mwekundu, na usiku kulikuwa na manyunyu. Lakini hilo sikumwambia.

Sasa sikiliza. Pale kwenye mstari, kando yangu alisimama binti wa hapahapa milimani, mwembamba, sweta la shule, baiskeli imefungwa waya kwenye siti. Akainama, akabonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba, kisha la mbele. "Dada, punguza upepo." Mimi nilikuwa nimejaza asubuhi ile hadi tairi likawa gumu kama jiwe, maana kwetu tairi gumu ndilo linalokimbia. Nikamjibu "ahsante mdogo wangu" kwa ile sauti yetu ya kumwambia mtu nenda zako. Hakusema tena. Akatoa pini kwenye mtandio, akabonyeza valvu ya tairi lake mwenyewe, tsss, mara mbili, akaridhika.

Kupanda sikufanya vibaya. Nilijifunza kwa shida kwamba kwenye udongo hupandi umesimama kama kwenye lami. Ukiinuka tu, uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linachimba na kuzunguka palepale huku wewe umetoa macho. Unakaa, unaweka gia nyepesi, unasaga. Mama mmoja aliyebeba tenga la kabichi kichwani alitembea sambamba na mimi kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, akaniamkua, akaniuliza natoka wapi, nikamjibu kwa kichwa. Akanipita.

Kule msituni baridi, miti imefunga, juu mbega wanaruka na mikia yao myeupe, na nikawa wa sita! Nikahesabu migongo iliyo mbele yangu mara mbili nisijidanganye. Halafu mteremko ukaanza.

Shoga, watu wote walinitisha kuhusu kupanda. Hakuna aliyenitisha kuhusu kushuka. Barabara imejikunja kama bati la nyumba, na tairi langu gumu likawa halikanyagi kitu, linarukaruka tu juu ya vijiwe. Meno yanagongana. Binti wa sweta akanipita upande wa kulia kama aliyetumwa dukani, viwiko amelegeza, makalio juu ya siti kidogo, tairi zake zinalalia ardhi. Nikasema hanipiti huyu. Ikaja kona ya kushoto yenye mfereji wa maji katikati. Breki ilitakiwa nibane kabla ya kona, ndani yake niachie. Mimi nikafanya kinyume, tena nikabana ya mbele.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka sauti ya kitu kikigonga jiwe karibu na sikio, kisha ukimya, kisha gurudumu langu likizunguka peke yake, tik tik tik. Kiganja kimejaa changarawe. Mama mmoja akatoka shambani na jembe begani, hakuuliza hata jina. Akanimwagia maji, akachokonoa vijiwe kwa ncha ya mwiba, akachana pindo la kanga yake kuukuu akanifunga. Kipande kimebaki na maneno MWENYE WIVU. Sijui huyo mwenye wivu alifanywa nini, mwisho wa sentensi amebaki nao yeye.

Mtoto wake akanirudishia cheni iliyoruka, mikono yake midogo ikawa myeusi tititi kwa grisi. Nikabonyeza valvu, tsss, tsss, kama nilivyofundishwa, nikashuka polepole kwa mkono mmoja na nusu. Na unajua? Baiskeli ikatulia. Wakanipita wengine wanne, lakini ikatulia.

Binti alikuwa wa tatu. Nilimkuta amekaa juu ya gunia anakula muwa. Akaangalia tairi zangu, hakuangalia mkono. "Umepunguza," akasema, akanikatia kipande.

Sasa lile jambo. Kile kitu kilichogonga jiwe ni kofia yako ya baiskeli, ile nyeupe uliyoniazima na kuniambia niitunze. Ina ufa kuanzia juu ya sikio la kulia hadi nyuma, unaingia ukucha. Kwa nje unaweza kudhani ni mkwaruzo. Fundi mmoja hapa alitaka kuipaka gundi, nikamkatalia, kwa sababu kofia ikishapigwa hivyo kazi yake imekwisha hata kama inaonekana nzima. Usiniambie niirudishe hivyohivyo. Nimeiweka juu ya kabati na sitaki mtu aivae.

Wiki ijayo nashuka Tanga, nitakununulia nyingine. Chukua uzi, uzungushe kichwani, kidole kimoja juu ya nyusi, kisha uupime kwenye rula uniandikie ni sentimita ngapi. Na rangi sema mwenyewe, usije ukalalamika baadaye.

Wako,
mwenye mkono mmoja